Fundo la waya si Freemason, wala si siri ya kale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu barua ya msomaji mmoja aliyewaonya wazazi wa Mwanza dhidi ya hereni na vidani vya waya wa shaba vyenye mafundo yanayopishana, vile ambavyo vijana wanavitembeza Makoroboi, barabara ya Kenyatta na kwenye maonyesho ya biashara. Aliandika kwamba mafundo hayo ni alama za Freemason, kwamba anayeyavaa anajifunga bila kujua, na kwamba fundi anayeyasuka anatumiwa na watu asiowafahamu. Mimi ni fundi wa vito vya waya hapa Nyakato na ninawafundisha vijana kazi hiyo, kwa hiyo sitasema kwamba sina maslahi. Hata hivyo siandiki kuwatetea mafundi tu, maana hofu hiyo haikuzuka hewani. Wapo wauzaji wenye maana tofauti kwa kila mteja: binti wa chuo anaambiwa fundo lile ni la bahati ya ndoa, mtalii anayesubiri safari ya Serengeti anaambiwa ni alama ya kale ya Wasukuma, na anayeonekana amesoma anaambiwa ni siri ya makuhani wa Ulaya ya kale. Mtu akizisikia hadithi tatu juu ya hereni moja, si ajabu akatunga ya nne.

Sina ugomvi na mzazi anayetaka kujua mwanawe amevaa nini. Ninachosema ni kwamba michoro hii ina historia inayojulikana vizuri, na fundi anayeiuza anawajibika kuisema ilivyo, bila kuipamba na bila kuitia woga.

Inaitwa mitindo ya Kikelti. Wakelti walikuwa jamii nyingi za Ulaya zilizozungumza lugha zenye udugu, na kazi zao za chuma, shaba na dhahabu wataalamu wa mambo ya kale huzipanga kwa majina ya mahali zilipofukuliwa: Hallstatt huko Austria, kisha La Tène huko Uswisi. Sanaa ya La Tène, iliyoanza yapata mwaka 450 kabla ya Kristo, imejaa mikunjo, majani yaliyojipinda na mizunguko mitatu inayochipuka kutoka kitovu kimoja. Fundo linalopishana juu na chini, lile hasa linalobishaniwa, si la enzi hiyo. Lilishamiri zaidi ya miaka elfu moja baadaye, katika karne ya 7 na ya 8 baada ya Kristo, ndani ya nyumba za watawa za Ayalandi, Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, ambako mafundi wa Kiayalandi na wa Kianglo-Saksoni walichukua misuko iliyokuwa ikionekana tangu zamani kwenye sakafu za vigae za Warumi na katika kazi za Wakristo wa Misri, wakaichanganya na mizunguko yao wenyewe.

Kitabu cha Kells, kilichoandikwa yapata mwaka 800 na kinachohifadhiwa katika Chuo cha Trinity mjini Dublin, ni Injili nne kwa Kilatini, na mafundo yake mengine ni madogo kiasi kwamba jicho halitayafuata vizuri bila kioo cha kukuzia. Injili za Lindisfarne, za mwanzoni mwa karne ya 8, zina kurasa nzima zisizo na neno hata moja, zilizojazwa misuko hiyo kuanzia pembe hadi pembe. Freemason, kwa upande wao, waliunda chama chao kikuu cha kwanza mjini London mwaka 1717, na alama zao zinazojulikana ni skwea na bikari, vifaa vya waashi. Fundo analoliogopa msomaji mwenzangu lilikuwa limepamba Mathayo, Marko, Luka na Yohana kwa zaidi ya miaka 900 kabla ya chama hicho kuzaliwa. Akitaka kuliona karibu zaidi na kwetu, atazame misalaba ya maandamano ya Kanisa la Ethiopia, ambayo mingi imesukwa kwa misuko inayopishana vivyo hivyo.

Naomba sasa nieleze fundo lenyewe linavyotengenezwa, kwa sababu ni vigumu mtu kukiogopa kitu alichokisuka kwa vidole vyake. Kanuni ni ileile ya mkeka: ukili hupita juu ya mmoja, chini ya unaofuata, juu, chini, hadi mwisho. Tofauti ni kwamba mkeka una chane nyingi zenye ncha zake, ilhali fundo la Kikelti hutafuta kuficha ncha kabisa, hata mtazamaji asijue lilianzia wapi.

Fundo rahisi kuliko yote ni la pembe tatu: waya mmoja, matanzi matatu, makutano matatu. Tunatumia waya mgumu wa umeme wa nyumba, ule ambao mafundi umeme huuita moja nukta tano, wenye uti mmoja wa shaba wa kipenyo cha milimita 1.4 hivi. Gamba la plastiki tunalichana kwa kisu. Hatulichomi, maana moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani yake. Waya unanyooshwa kwa kubanwa ncha moja kwenye jiliwa na kuvutwa nyingine kwa plaizi mpaka usikike umelegea kidogo, ishara kwamba umekwisha kunyooka. Mchoro unachorwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, karatasi inabandikwa kwenye ubao, na misumari midogo iliyokatwa vichwa inapigwa kila mahali ambapo waya utageuka. Kwa hereni yenye upana wa sentimita 3, sentimita 20 za waya zinatosha na kubaki.

Waya unaanzia nyuma ya makutano, unazunguka msumari wa kwanza, unavuka mwili wake wenyewe kwa juu, unazunguka wa pili, na hapo ndipo kila mwanafunzi anaposita, kwa sababu makutano yanayofuata lazima upite chini. Waya wa kwanza umeshalala bapa kwenye ubao na ncha haina pa kupenya. Inabidi uuinue kwa ncha ya bisibisi kwa kiasi cha unene wa waya tu, upenyeze, kisha uukandamize tena kwa kijiti cha mbao, kwani chuma huacha makovu kwenye shaba. Ukimaliza, fuata waya kwa ukucha kuanzia popote: juu, chini, juu, chini, juu, chini, mpaka unarudi ulipoanza, na kila makutano utakuwa umeyapita mara mbili, mara moja kwa juu na mara moja kwa chini. Ukikosea makutano mamoja tu, waya ukapita juu palipotakiwa chini, umbo kwa mbali litabaki lilelile, lakini si fundo tena. Kama lingekuwa kamba iliyoungwa ncha, ungelikunjua likawa duara tupu. Wanahisabati hulihesabu fundo hili kuwa dogo kuliko mafundo yote, kwa kuwa makutano matatu ndiyo machache kabisa yanayoweza kuzuia kamba isikunjuke. Hii ndiyo siri yote iliyomo ndani yake, na nadhani inatosha kumstaajabisha mtu bila kuongezewa nyingine.

Shaba yenyewe ina tabia ambayo kitabuni ni sentensi moja na mkononi ni somo zima: kadiri unavyoikunja ndivyo inavyokakamaa. Baada ya mikunjo michache inagoma, na ukiilazimisha inapasuka kwenye kona. Dawa yake ni moto. Inawekwa kwenye jiko la mkaa mpaka ipate wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu, kisha inatumbukizwa kwenye maji, na ilhali panga la mhunzi huwa gumu likizimwa majini, shaba hulegea na kutii upya. Weusi unaobaki huondoka ukiilaza usiku kucha kwenye maji ya ndimu na chumvi. Mwisho matanzi yanagongwa kidogo kwa nyundo juu ya fuawe ili yashike umbo, lakini kamwe nyundo haiguswi kwenye makutano, maana pale waya wa juu utaukata wa chini, na hereni itavunjika mteja akiwa ameshafika nyumbani.

Kuhusu ncha zinazobaki, wapo wanaozilehemu kwa risasi ya mafundi redio. Nawasihi waache. Risasi ni sumu, hasa kwa mtoto anayeweka kidani mdomoni, na haihitajiki: ncha ikinolewa kwa tupa na kufichwa nyuma ya makutano, haionekani wala haikwaruzi.

Mafundo makubwa hupangwa kwa gridi, na hapa kazi inanoga. Ukichora msuko kamili wa mstatili wenye vyumba 3 kwa 4, waya mmoja utaujaza wote na kurudi ulikoanzia. Ukiufanya wa 3 kwa 6, utahitaji nyaya tatu, kila mmoja umejifunga peke yake. Idadi ya nyaya ni kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, ile KKS ya shule ya msingi, na nimewaona vijana walioichukia darasani wakiitafuta kwa hiari yao kwenye vumbi la karakana. Baada ya hapo fundi hukata makutano machache aliyoyachagua na kuunga ncha kwa pembeni, msuko unafunguka, na nafasi tupu zinazojitokeza ndizo zinazoupa mchoro sura yake. Wachokwe wa Angola walikuwa wakichora mchangani kwa mstari mmoja usiokatika unaozunguka safu za nukta, michoro inayoitwa sona, na Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alionyesha kwamba sona za aina ya mkeka zinafuata kanuni hiyohiyo ya kigawo kikubwa. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mstari ukitakiwa kupita kila mahali bila kukatika, hesabu itaupeleka kulekule, awe anayeuchora ni mtawa wa Ayalandi au mzee wa Kichokwe.

Nije kwenye maana. Hapa wauzaji niliowataja na msomaji mwenzangu wanasimama upande mmoja bila kujua, kwa sababu wote wanaamini kwamba kila fundo lina ujumbe uliofichwa. Wanatofautiana tu kama ujumbe huo ni wa heri au wa shari. Watawa waliochora Kells hawakuacha maelezo ya fundo moja moja. Zile kadi zinazosema hili ni la upendo wa milele na lile la ushujaa ni matunda ya karne ya 19 na ya 20, Ayalandi ilipokuwa ikifufua sanaa zake za kale na wafanyabiashara wa vito wakagundua kwamba hadithi inauza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bizimu la Tara. Ni pini kubwa ya fedha ya kufungia vazi, imetengenezwa yapata mwaka 700 na kupambwa mbele na nyuma kwa nyuzi za dhahabu nyembamba mno, kazi ambayo mpaka leo mafundi wanaitazama kwa wivu. Iliokotwa mwaka 1850 karibu na ufuko wa Bettystown, katika kaunti ya Meath, mahali pasipohusiana na mlima wa Tara wala wafalme wake. Jina hilo ilipewa na George Waterhouse, sonara wa Dublin aliyeinunua, kwa sababu Tara ilikuwa makao ya wafalme wakuu wa kale na yeye alikuwa akiuza nakala zake. Mwaka uliofuata pini ilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London, na jina likaganda hata baada ya kitu chenyewe kufika Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi. Wanaojua milango ya Zanzibar watatabasamu, maana kule pia kila mtembeza wageni ana maana yake ya mnyororo na ya samaki.

Hii haina maana kwamba vito vya Kikelti ni vitupu. Vipo ambavyo maana yake imeshuhudiwa na watu wa wakati ule au imebebwa na wenyewe kwa vizazi. Cha kwanza ni kidani kinene cha shingoni kinachoitwa toki, ambacho kwa fundi waya ni kama kitabu cha kiada. Polibio, mwanahistoria wa Kigiriki, akieleza vita vya Telamon vya mwaka 225 kabla ya Kristo, anasema wapiganaji wa mstari wa mbele wa Wagali, jamii mojawapo ya Wakelti, walivaa dhahabu shingoni na mikononi. Ilikuwa alama ya hadhi na utajiri, na hilo halihitaji kubahatisha. Toki mashuhuri kuliko zote iliibuliwa na jembe la kulimia shambani huko Snettisham, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1950, na sasa imo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Ina uzito unaozidi kilo moja, dhahabu iliyochanganywa na fedha, na shingo yake imesokotwa kwa nyaya 64: nyaya nane kwa kila kamba, kisha kamba nane pamoja. Ninapowapa wanafunzi zoezi la kusokota nyaya nane tu za shaba bila moja kulegea, wanaelewa bila kuhutubiwa kwamba aliyeisuka ile ya Snettisham hakuwa mtu wa kubahatisha.

Cha pili ni pete ya Claddagh. Claddagh ilikuwa kijiji cha wavuvi kando ya mji wa Galway, magharibi mwa Ayalandi, na pete hiyo imetengenezwa huko tangu yapata mwaka 1700: mikono miwili imeshika moyo, na juu ya moyo kuna taji. Mikono ni urafiki, moyo ni upendo, taji ni uaminifu. Moyo ukielekea ncha ya kidole, mvaaji yuko huru. Ukimwelekea mwenyewe, ameshapata mwenzi. Maana hii haikubandikwa na duka. Ni desturi iliyotoka kwa mama kwenda kwa binti, na fundi wa Kirumba anaweza kumweleza mteja bila kuona haya, tena wavuvi wa Mwaloni hawatashindwa kuwaelewa wavuvi wenzao. Kwa waya, moyo ni rahisi, taji si kazi kubwa, na mikono ni adhabu.

Kati ya hivyo viwili na hadithi tupu kuna vya katikati. Fundo la pembe tatu Wakristo wengi hulitumia kama alama ya Utatu Mtakatifu, na ni matumizi ya kweli, lakini umbo hilo limo pia kwenye mawe ya kumbukumbu ya Waskandinavia, kwa hiyo si haki kusema ni la Utatu na basi. Mizunguko mitatu iliyoungana, ambayo inauzwa kama alama ya Kikelti kuliko zote, imechongwa kwenye jiwe ndani ya kaburi la Newgrange huko Ayalandi yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya mtu yeyote anayeweza kuitwa Mkelti. Waliouchonga hawakuwa na maandishi. Anayekuambia kwa uhakika kwamba ni uzima, kifo na kuzaliwa upya, muulize bei yake kwanza.

Ama kuhusu kumwambia mtalii kwamba fundo hilo ni la Wasukuma, huo ni uongo, na zaidi ya uongo ni dharau, kwa sababu kanda hii ina kazi yake ya waya isiyohitaji kuazima jina. Katika karne ya 19 waya ulikuwa mali iliyotembea na kila msafara. Stanley, yule msafiri aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipokuwa akijiandaa Zanzibar mwaka 1871 alinunua frasila kumi za waya wa shaba ya njano, yaani zaidi ya kilo 150, kwa sababu aliambiwa kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu, ilhali shanga zilikuwa kama senti. Wasafiri waliopita Unyamwezi waliandika juu ya vitindi, bangili za waya mnene uliozungushwa mkono mara nyingi, na juu ya vikuku vya waya mwembamba uliovingirishwa kwenye singa za mkia wa mnyama, mzunguko kando ya mzunguko, mpaka singa zisionekane. Kikuku cha aina hiyo hakina fundo hata moja, lakini kinalala kwenye kifundo cha mguu kwa namna ambayo waya mtupu hauwezi, kwa kuwa kiini chake kinakubali kupinda. Fundi anayetaka kumuuzia mgeni kitu cha kwetu na ajifunze kuvingirisha, apande hadi Makumbusho ya Bujora pale Kisesa akawaulize wanaojua, na kazi yake aiite ya hapa kwa kifua mbele. Fundo la pembe tatu naye aliuze, ila aliite lilivyo.

Niongeze jambo moja kuhusu shaba, kwa sababu nalo limeingizwa kwenye hofu. Kijani kinachobaki shingoni au masikioni si uchawi, wala si sumu inayotolewa mwilini kama wauzaji wengine wanavyodai. Ni shaba imekutana na jasho. Inaoshwa kwa sabuni, na ukipaka nta nyembamba kwenye kidani itachelewa kurudi. Vilevile bangili ya shaba haitibu baridi yabisi. Majaribio ya kitabibu yaliyofanywa Uingereza yalilinganisha bangili za shaba na vitu visivyo na dawa, na hayakuona nafuu ya ziada. Sikio likiwasha, mara nyingi tatizo ni kulabu yenye nikeli. Ibadilishwe kwa ya fedha.

Ninachowaomba mafundi wenzangu ni kadi ndogo, isiyozidi ukubwa wa tiketi ya daladala, inayofungwa kwenye kila hereni na kusema: fundo la pembe tatu, mtindo wa Ayalandi na Uskoti wa karne ya 8, waya wa shaba, limesukwa kwa mkono Mwanza. Kama ni pete ya Claddagh, yaongezwe maneno matatu ya urafiki, upendo na uaminifu. Mteja akitaka kulipatia fundo maana yake mwenyewe, ya harusi, ya ubarikio au ya kumkumbuka mtu, hiyo ni haki yake, na fundi ana ruhusa ya kufurahi naye. Najua watakaosema kwamba kadi kama hiyo itapunguza mauzo. Ninaouza nao wanaona kinyume chake: mgeni aliyeelezwa waya ulivyopenyezwa chini ya waya hukaa muda mrefu mezani kuliko aliyetajiwa makuhani, na hubishana bei kidogo.

Kadi hiyo ingefaa itaje pia waya ulikotoka. Nyaya za umeme zinaibwa, sote tunajua, na kila anayenunua shaba kwa kilo mjini hapa ameshaletewa. Mafundi umeme wanaofunga nyumba mpya Buswelu, Kisesa na Buhongwa hubakiza vipande vya nusu mita na mita moja ambavyo haviwafai tena, na sisi tunavinunua kwao mchana, vikiwa bado kwenye gamba lake, kwa risiti hata kama imeandikwa kwa mkono. Shaba inayoletwa imeungua, nyeusi kwa moshi, hatuichukui hata kwa bei ya kutupa. Maandishi ya kiwandani huchapwa kwenye gamba la plastiki, na aliyelichoma huenda alikuwa na sababu ya kutotaka yasomwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa vito vya waya,
Nyakato, Mwanza.
(Jina limehifadhiwa)